Chupa haitoki jasho: kupima sayansi Darasa la Tano na la Sita

Chukua chupa ya maji yaliyoganda, iweke mezani, subiri kidogo. Nje ya chupa patakuwa na maji. Yametoka wapi?

Swali hili huwa nalitoa Darasa la Sita katika shule ya serikali ninayofundisha huku Mbagala, na katika somo zima la Sayansi na Teknolojia sijaona lingine linaloniingiza kwenye vichwa vya watoto kama hili. Linanoga zaidi Februari, joto la Dar es Salaam likiwa limekolea na hewa imejaa unyevunyevu wa bahari. Chupa unainunua kwa mama anayeuza maji ya baridi getini, unaingia nayo darasani, na kabla watoto hawajamaliza "shikamoo mwalimu" imeshalowa.

Kwenye mtihani wa kuchagua, watoto haohao wanalipata jibu. Waandikie "mvuke ukipoa hubadilika kuwa" na herufi tano chini yake, wengi watatia kivuli penye "maji" bila hata kusita. Sasa wape chupa yenyewe na kikaratasi, waambie waandike maji haya yametoka wapi na kwa nini wanafikiri hivyo. Utasoma mengine kabisa. Yanavuja, chupa za siku hizi nyepesi. Barafu inayasukuma yatoke kwenye vitundu ambavyo macho hayavioni. Chupa inatoka jasho kwa sababu imesikia joto. Baridi imetoka ndani, imekutana na joto la nje, imekuwa maji. Wachache tu wanaandika kwamba maji yalikuwa hewani, na mara nyingi hao si wale wa nafasi ya kwanza hadi ya kumi.

Vikaratasi vile ndivyo vilivyonifanya nianze kuziangalia alama kwa jicho la pembeni. Mtoto anayeandika "inavuja" ameniambia pa kuanzia kesho. Aliyetia kivuli kwenye jibu sahihi hajaniambia kitu. Huenda anajua, huenda kakariri, huenda kabahatisha, na mimi nimebaki na tiki nyekundu.

Uzuri wa wazo la mtoto likishaandikwa ni kwamba linapingika. Siku moja msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwenye matokeo ya muhula huwa yuko katikati tu, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, tugandishe rosela. Kama inavuja, maji ya nje yatakuwa mekundu." Kesho yake akaja na chupa ya rosela iliyolala kwenye friji ya jirani yao anayeuza barafu. Matone ya nje yalikuwa meupe. Kundi la "inavuja" likanyamaza. Kundi la jasho halikunyamaza hata kidogo: mbona damu yetu nyekundu na jasho letu jeupe? (Ukikaa ukaifikiria, hiyo ni hoja nzuri. Sikuwa na jibu la haraka.)

Ikabidi twende kwenye mzani. Mangi mwenye duka ng'ambo ya barabara ana mzani wa betri anaopimia sukari na mchele. Tulikubaliana kwanza kabla ya kuvuka barabara: maji yakiwa yanatoka ndani ya chupa, uzito wa jumla utabaki uleule, yamehama tu kutoka ndani kwenda nje. Yakiwa yanatoka hewani, uzito utaongezeka. Mmoja akasema lazima tupime chupa ikiwa juu ya sahani, la sivyo matone yatadondoka yapotee na hesabu itaharibika. Huyo mtoto hakuna aliyemfundisha hilo. Gramu ziliongezeka, chache, lakini ziliongezeka, na mangi mwenyewe aliacha wateja wake akaja kuangalia nambari.

Nilirudi ofisini nikijiuliza wale wawili, wa rosela na wa sahani, ningewapa alama wapi. Mmoja amebuni jaribio linaloweza kuangusha wazo. Mwenzake ameona mahali ambapo kipimo kitadanganya. Ndiyo sayansi hiyo. Na kwenye karatasi zetu za kila mwezi hapakuwa na swali lolote ambalo lingewaletea hata nusu alama.

Siulaumu mtihani wa taifa kwa hili, na huwa nabishana na wenzangu wanaoulaumu. Karatasi ya Sayansi na Teknolojia ya Darasa la Saba, kwa mtindo wa miaka ya karibuni, ina maswali 45. Arobaini ni ya kuchagua, A hadi E, majibu yanatiwa kivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Matano yaliyobaki ni ya kuandika. Jumla ni alama 50, na ukifika 41 una A. Baraza la Mitihani linahudumia watahiniwa zaidi ya milioni moja kwa mkupuo, na matokeo yanatakiwa yatoke mapema ili watoto wapangiwe shule za sekondari. Katika hali hiyo mashine inaeleweka.

Lakini piga hesabu. Mtoto asiyejua chochote akienda na ana-ana-ana-do kwenye yale 40, kwa wastani anatoka na alama 8. Hiyo ni E, haitamdanganya mtu. Mwingine anajua kwa uhakika maswali 20, yale 20 mengine anabahatisha, anaokota 4. Ukiishika karatasi yake huwezi kuniambia zile nne ni zipi. Kwa kumpangia shule, haidhuru. Kwa mwalimu anayetaka kujua kesho afundishe nini, karatasi hiyo ni kama mwanasesere: ina umbo la mtu, haiongei.

Shida ni kwamba mtindo wa mtihani wa taifa wa Septemba wa Darasa la Saba umeshuka hadi majaribio ya Ijumaa ya Darasa la Tano. Tunanakili pepa, watoto wanasolvu pepa, tunasahihisha kwa kuwasomea herufi wabadilishane madaftari, jioni mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na mitihani shuleni, anataka wastani wa darasa. Mtoto anafika utamilifu, ule mtihani wa majaribio kabla ya wa taifa, akiwa na ujuzi mkubwa wa kunusa jibu. Ameshajua kuwa jibu refu kuliko mengine mara nyingi ndilo, na kwamba chaguo lenye "kamwe" au "daima" mara nyingi silo. Huo nao ni uwezo, sikatai. Ila si ule ulioandikwa kwenye andalio la somo langu.

Mtu atauliza, darasa la watoto zaidi ya mia utawasomea vikaratasi saa ngapi? Swali halali. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, shule nyingi za Dar zilifurika, na za kwetu Temeke zipo zinazoingiza watoto kwa awamu mbili, asubuhi na mchana. Sina nguvu za kusahihisha insha mia na kitu. Ninachofanya ni hiki. Napasua karatasi za madaftari ya zamani vipande vinne vinne. Swali moja tu, mwisho wa kipindi, mistari miwili, bila jina. Wanaacha vikaratasi mlangoni wakitoka. Wakati wa chai navimwaga mezani nikivigawa mafungu matatu: walioshika jambo, walioshika maneno, na wenye wazo lao wenyewe. Chai haijapoa nimemaliza. Siandiki alama yoyote. Fungu la tatu ndilo ninaloondoka nalo.

Bila jina, kwa makusudi. Mtoto akijua jina lake lipo anaandika kile anachodhani mwalimu anakitaka, na hapo tumerudi kulekule. Mwenzangu mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinitazama siku ya kwanza akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, unajitafutia kazi isiyo na posho." Sasa yeye ndiye mteja mkubwa wa fungu la tatu, anapenda kuyasoma kwa sauti.

Kutoka kwenye mafungu hayo nikaanza kutengeneza maswali ya kuchagua ya aina nyingine, kwa sababu huwezi kuikimbia fomu ya kuchagua na ukiitumia vizuri ina faida yake. Machaguo mabovu siyatungi tena mimi. Naandika yale waliyoyaandika wao, kwa maneno yao. Halafu chini ya swali kuna la pili: umechagua hivyo kwa sababu gani? Nalo lina machaguo manne. Njia hii ina wenyewe, mimi nimeiokota tu. David Treagust, mtafiti wa elimu ya sayansi huko Australia, aliieleza mwaka 1988: ngazi ya kwanza jibu, ngazi ya pili sababu, na sababu zenyewe zitoke katika mawazo halisi ya wanafunzi. Hesabu ya bahati nayo inabadilika. Majibu manne kwa sababu nne ni jozi 16, kwa hiyo wa ana-ana-ana-do ana nafasi moja kati ya 16 ya kuzipata zote mbili. Nasahihisha kwa haraka ileile, na safari hii nikiona jibu sahihi limekaa na sababu ya "chupa imesikia joto" najua niende kwenye dawati gani.

Kwenye umeme ndiko nilikocheka zaidi. Nilianza na swali la kuchora: betri, taa ndogo, waya, chora taa iwake. Wengi mno wanachora waya mmoja, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye taa, basi. Ukiwauliza kwa nini, wanakuonyesha dari. Kila mtoto ameona taa nyumbani ikining'inia kwenye waya mmoja. Macho yao hayajakosea. Mmoja ambaye baba yake ni fundi umeme ndiye aliyewaambia wenzake kuwa ndani ya ule mmoja mna zaidi ya mmoja, na kesho yake alileta kipande kilichokatwa kikapita mkono kwa mkono darasa zima. Kitabu kinasema saketi lazima ikamilike. Sentensi hiyo wanayo wote, na bado wanachora waya mmoja.

Vifaa ni hadithi nyingine. Zile balbu ndogo za tochi za zamani, zenye kiuzi ndani, siku hizi utazitafuta Kariakoo uchoke. Utakachopata ni vitaa vya LED. Navyo vina masharti: kitaa cheupe hakiwaki kwa betri moja ya volti 1.5, kinataka kama volti 3, kwa hiyo mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Tena ukikigeuza upande hakiwaki kabisa. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Baadaye nikaona kimenipa swali bora kuliko la kitabu. Nawapa betri mbili, waya na LED iliyowekwa kinyume kwa makusudi, haiwaki, halafu nasimama pembeni na kaunta buku langu. Siangalii nani kawasha. Naangalia nani anabadilisha kitu kimoja kwa wakati, na nani anachomoa vyote kwa pamoja akaanza upya bila kujua nini kilikuwa kibaya. Kila kipindi nachagua watoto wachache tu wa kuwafuatilia, majina nimeyaandika kabla. Darasa zima kwa siku moja haliwezekani, na anayesema anaweza namshangaa.

Kuhusu umeme huohuo, alikuja mama mmoja, anauza vitenge Rangi Tatu, hukuhuku Mbagala. Amekunja karatasi ya binti yake mkononi.

"Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu kapata 42. Hiyo si A?"

"Ni A, mama. Karibu ukae."

"Halafu ananiambia umemwandikia arudie. Arudie nini?"

Nikamweleza kwamba alama ni za binti, hakuna anayemnyang'anya, ila alipopewa betri na taa alikaa bila kujua aanzie wapi. Nikavitoa vile vifaa kabatini nikaviweka mezani, nia yangu aone ninachozungumzia. Mama akavivuta kwake. Usiku ana meza yake ya biashara pale stendi na anaiwashia taa kwa betri ya pikipiki, mwenyewe ndiye anayefunga na kufungua kila siku. Hakufika dakika. LED ilipogoma akaigeuza, ikawaka.

"Nyekundu huku, nyeusi huku," akamwambia binti. Kisha akanigeukia. "Sasa hii nayo ni sayansi ya mtihani?"

Nikamjibu kuwa ni sayansi ya Darasa la Sita. Hakuridhika sana, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa ananiuliza kuhusu Septemba. Kitu kimoja tulikubaliana: binti atakuwa akimsaidia kufunga ile taa ya mezani, na Jumatatu atanieleza kwa mdomo, bila daftari, kwa nini inagoma ikifungwa kinyume. Alinieleza. Alisema umeme kwenye LED unapita njia moja tu, kama barabara ya mwendokasi haitaki gari lirudi nyuma. Mfano wa kwake, si wa kitabu, nikauandika.

Kwa mdomo ni muhimu kuliko tunavyokubali. Tuna watoto wanaofika Darasa la Tano bado wanahangaika na kuandika, na ukiwapima sayansi kwa kalamu unachopima ni mwandiko na tahajia. Nina mvulana anayeshinda gereji ya mjomba wake kila Jumamosi. Karatasi yake huwa nyeupe nusu nzima. Muulize kwa nini mkono wa breki ya bodaboda ni mrefu, atakupa sehemu tatu za wenzo, egemeo, jitihada na mzigo, bila kuyataja majina hayo, na atakuonyesha kwa kidole. Baada ya hapo majina anayapokea haraka, maana tayari ana mahali pa kuyatundika.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unazungumzia umahiri, mtoto aonekane anafanya, na unashusha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja wa Darasa la Saba wa mtaala wa zamani na wa Darasa la Sita wa mtaala mpya. Mimi nimo katikati ya makundi hayo mawili, na ninachokiona ofisini ni kwamba presha inapanda kuelekea zile pepa, haishuki. Maneno ya mtaala nayapenda. Nitaamini yamefika siku mtaaluma atakaponiuliza watoto wanafikiri nini kuhusu mvuke, kabla hajaniuliza wastani.

Kwa sasa tunasaidiana na mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani, dada mmoja hodari sana, tunabadilishana maswali kwa simu. Tunaloandaa wiki hii ni la malaria, kwa sababu kila mtoto wa Dar anaweza kukuambia kwamba malaria inaletwa na mbu, na tunataka kujua wanamaanisha nini. Tumeliandika hivi: mbu jike wa anofelesi, ambaye hajawahi kumuuma mtu yeyote mwenye malaria, amemuuma mtoto usiku. Je, mtoto huyo atapata malaria kutokana na mbu huyo? Eleza.

Jibu ni hapana. Mbu ni mchukuzi wa vimelea, na kama hajavinywa kutoka kwa mgonjwa hana cha kupeleka. Tumewajaribishia watoto wachache wakati wa mapumziko, na majibu yalikuja ya kila aina. Ndiyo, kwa sababu mbu ana sumu. Ndiyo, kwa sababu ni wa usiku, wa mchana ndio wa dengi. Hapana, kama mtoto alikunywa dawa. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na huyo mgonjwa wa kwanza kabisa yeye aliumwa na mbu aliyetoa wapi?"

Dada anaona swali ni gumu kwa Darasa la Tano, tulipeleke la Sita. Mimi naona ni gumu kwa anayetafuta alama tu. Tumebishana mpaka salio likaisha. Mwisho tumekubaliana litolewe Ijumaa kwa madarasa yote mawili, shule zote mbili, bila jina na bila alama, na vikaratasi tuvisome pamoja Jumamosi. La mgonjwa wa kwanza tumeliweka kiporo, kila mmoja akasome kwanza.